Vichwa Vingapi Vimeamka Leo? Miaka Hamsini ya Dizeli kwenye Reli ya Uhuru

(Hotuba kwa wastaafu wa reli na wanafunzi wa ufundi, Dar es Salaam. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.)

Wazee wangu wa reli, shikamooni. Walimu, wanafunzi, ndugu zangu nyote, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie historia ya vichwa vya treni vya dizeli vilivyovuta mizigo ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Najua humu ndani wapo waliovishika vichwa hivyo kwa mikono yao, kwa hiyo nitasema kwa adabu, na nikiteleza wazee mtanisahihisha. Ila nawaomba msinisahihishe wote kwa pamoja.

Vijana, naanza na ninyi. Mtu akikwambia reli fulani ina vichwa hamsini, amekwambia nini? Hajakwambia kitu. Reli inaweza kuwa na vichwa hamsini kwenye daftari la mali, thelathini vimelala karakana, kumi vinasubiri kifaa kutoka ng'ambo, na kumi tu ndivyo vinavyovuta mzigo. Mkuu wa uendeshaji halali usingizi kwa ajili ya hivyo kumi. Akifika ofisini asubuhi, kabla ya chai, swali lake ni moja: vichwa vingapi vimeamka leo? Hilo ndilo swali langu la mchana huu, na kwa swali hilo tutapita miaka hamsini ya reli yetu.

Historia ya kuanzishwa mnaijua, nitaigusa tu. Mwaka 1965 Ian Smith, mkuu wa serikali ya walowezi wazungu, alijitangazia uhuru wake kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na shaba ya Zambia ikajikuta inapita mlangoni kwa adui kwenda baharini. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walibisha hodi kwa mataifa ya Magharibi na Benki ya Dunia kutafuta fedha za reli ya kuifikisha shaba hiyo Dar es Salaam, wakaambiwa reli hiyo haitalipa. China ikasema itajenga. Mkataba ulitiwa saini Beijing Septemba 1967, mkopo usio na riba. Ujenzi ukaanza 1970, reli ikafika mwisho 1975, na Julai 1976 tukakabidhiwa. Kilomita 1,860, kutoka hapa Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia.

Jambo moja la ujenzi nataka mlishike, maana litaturudia. Upana wa reli ya TAZARA, yaani umbali kati ya chuma na chuma, ni milimita 1,067, sawa na Zambia na kusini yote hadi Cape Town. Reli ya Kati yetu hapa ni milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, upana wa vidole vinne hivi. Kwa ajili ya vidole vinne hivyo, reli mbili zinazoanzia mji mmoja haziwezi kuazimana kichwa hata siku moja. Kichwa kikifa Dar es Salaam, jirani anakuona unalia na hana la kukusaidia. Ndiyo maana mwaka 1998 palifunguliwa kituo cha kuhamishia mizigo Kidatu, mzigo uhame kutoka behewa hadi behewa. Mzigo unahama. Kichwa hakihami.

Sasa tuingie kwenye vichwa vyenyewe.

Vichwa vya kwanza vililetwa na Wachina wakati wa ujenzi, vimeundwa kiwanda cha Sifang, mji wa Qingdao. Vya njia kuu viliitwa DFH2, nguvu farasi 2,000, na vya sogeza, vya kupanga mabehewa stesheni, vilikuwa DFH1, nusu ya nguvu hiyo. Herufi hizo ni kifupi cha Dongfanghong, Mashariki ni Nyekundu. Hilo lilikuwa jina la enzi zile.

Wako watu wanaovicheka vichwa hivi. Mimi sivicheki. Kumbukeni China ya wakati ule ilikuwa nchi maskini, na kiwanda chake cha Datong kiliendelea kuunda vichwa vya mvuke vya njia kuu hadi mwaka 1988. Nchi iliyokuwa bado inachoma makaa ya mawe kwake ilitupa sisi dizeli. Hilo lazima lisemwe kabla ya lawama yoyote.

Lakini mlima haujui shukrani. Mlima unapima, basi.

Wanafunzi, sikilizeni vizuri hapa. DFH2 ilikuwa dizeli ya haidroliki. Injini ya dizeli inazungusha pampu, pampu inarusha mafuta kwa nguvu, mafuta yanazungusha tabo, gurudumu lenye mapanga, upande wa pili, na kutoka hapo shafti na gia zinapeleka nguvu kwenye magurudumu. Chukua feni mbili uziweke zikitazamana, washa moja, ya pili itaanza kuzunguka kwa upepo wa mwenzake. Ndivyo hivyo, ila badala ya upepo ni mafuta. Ni mfumo mwepesi, na kwenye tambarare treni inaenda vizuri sana.

Tatizo liko wapi? Tatizo ni mwendo wa pole chini ya mzigo mzito. Hapo feni ya kwanza inazunguka kwa kasi, ya pili inajikokota, na tofauti kati yao inageuka joto. Mafuta yanachemka. Joto hilo lazima litolewe na rejeta ileile inayopoza injini, na injini nayo wakati huo inafanya kazi hadi mwisho wa uwezo wake. Sasa tafuteni kwenye ramani mahali ambapo treni ya mizigo inakwenda pole, imebeba mzito, kwa muda mrefu, kwenye joto. Wazee wameshacheka. Mlimba hadi Makambako!

Ndugu zangu, ukitoka bonde la Kilombero, lenye joto na unyevu, reli inapanda ukingo wa nyanda za juu zaidi ya mita elfu moja, inajikunja na kupenya mlima. Reli nzima ina mahandaki 22, na mengi yamejaa kwenye kipande hicho. Ukishapanda hujamaliza, maana njia inaendelea hadi Uyole, Mbeya, karibu mita 1,790 juu ya bahari, na huko juu hewa ni nyepesi, injini ya dizeli inavuta pumzi pungufu. Handakini ni balaa zaidi. Kichwa cha pili nyuma ya mwenzake kinavuta hewa ambayo cha kwanza kimeshaitumia na kuipasha moto.

Hivyo vichwa vilivyosanifiwa kuvuta tani kadhaa vikavuta pungufu. Mzigo wa treni moja ukagawanywa treni mbili. Treni mbili zinataka vichwa zaidi, vichwa zaidi havipo, na vilivyopo vinachoka upesi kuliko kalenda ya karakana ilivyotarajia.

Je, ni ushamba wetu? Ni uzembe wa Wachina? Wengi hudhani hivyo, na ndiyo sababu nataka kuwapeleka California kidogo.

Kulikuwa na kampuni ya reli Marekani iitwayo Southern Pacific, tajiri, yenye wahandisi wa kila aina. Reli yake inavuka milima ya Sierra Nevada kwenye njia ya Donner, zaidi ya mita 2,000 juu, mahandaki mengi, na juu yake mapaa marefu yanayofunika njia isizikwe na theluji. Enzi za mvuke madereva walikuwa wanakabwa na moshi humo ndani, hadi kampuni ikaagiza vichwa vilivyogeuzwa: chumba cha dereva mbele kabisa, bomba la moshi nyuma. Kimoja, namba 4294, cha mwaka 1944, mpaka leo kipo makumbusho ya reli Sacramento. Mlima ulikwisha kugeuza kichwa nyuma mbele kabla dizeli haijafika.

Mwaka 1961 kampuni hii ilipokea vichwa vitatu vya dizeli ya haidroliki kutoka kiwanda cha Krauss-Maffei, München, Ujerumani, na jirani yake Denver & Rio Grande Western akapokea vitatu. Nguvu farasi 4,000 kila kimoja, wakati vya Marekani vya siku zile vilikuwa kama nusu ya hapo. Watu walishangilia. Vikapelekwa Donner. Mahandaki na yale mapaa vikavitoa jasho: hewa ya moto, hewa chache, joto juu. Rio Grande alichoka mapema, akavisukuma kwa Southern Pacific. Southern Pacific aliongeza vingine 15, lakini kazi yao ikahamishiwa zaidi kwenye bonde la tambarare la San Joaquin, na kufikia 1968 vilikuwa vimeondolewa kwenye mizigo. Kimoja tu kimesalia, namba 9010, kiligeuzwa gari la kupigia picha za njia, na baadaye wapenzi wa reli wakakifufua.

Ujerumani, nyumba ya mfumo huo. Marekani, pesa zipo. Na bado mlima ulishinda. Kwa hiyo mzee wa Mlimba aliyelaumiwa kwa kuchemsha kichwa, naomba leo apigiwe makofi.

(Makofi.)

Hadithi ya California haijaisha, na kipande kilichobaki ndicho ninachokipenda. Southern Pacific ilirudi kwenye dizeli ya umeme, ambayo injini inazalisha umeme wa kuzungusha magurudumu, ikanunua mamia ya vichwa aina ya SD45, silinda 20, nguvu farasi 3,600. Navyo vikachemka handakini! Safari hii wahandisi hawakubadili injini. Walikaa wakauliza: hewa ya moto handakini inakaa wapi? Inapanda, inakaa juu darini. Na rejeta ya kichwa inavuta hewa kutoka wapi? Kutoka ubavuni juu, palepale penye moto. Mwaka 1972 kikatoka kichwa ambacho matundu ya kuvutia hewa yameshushwa chini, usawa wa pale mafundi wanapokanyaga wakitembea ubavuni. Kiliitwa SD45T-2, na hiyo T ni ya handaki. Injini ileile, mlima uleule, matundu yameshuka tu, na joto likapungua.

Nani alifanya kazi hiyo? Mtu aliyekwenda kuuangalia mlima kwanza. Wanafunzi, mmenisikia? Mlima kwanza, orodha ya bei baadaye.

Turudi nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 TAZARA ilipata vichwa vya dizeli ya umeme kutoka Krupp ya Ujerumani Magharibi, ndani yake ufundi wa General Electric wa Marekani. Hapa injini inazungusha jenereta, umeme unakwenda kwenye mota zilizofungwa kwenye ekseli. Mota nayo ina kikomo cha joto, isidhaniwe ni muujiza, lakini ikiungua moja unaikata, unaendelea na zilizobaki, unafika polepole. Kwenye haidroliki ekseli zimeunganishwa kwa shafti, hata kipenyo cha magurudumu lazima kilingane, la sivyo yanapigana yenyewe kwa yenyewe na gia ndiyo inayoumia. Krupp zilisaidia sana kule mlimani. Nadhani hakuna mzee humu atakayebisha.

Hakuna? Nashukuru.

Ila kila dawa ina lake. Sasa karakana zetu za Dar es Salaam na Mpika, Zambia, zilikuwa na familia mbili zisizojuana. Bolti hii ni ya Qingdao, ile ya Ujerumani. Vitabu vya mwongozo viko kwa lugha tofauti. Fundi aliyefunzwa kwa Wachina miaka minne anaanza upya. Na tukumbuke hali ya nchi miaka ile ya themanini: sabuni yenyewe ilikuwa ya kupanga foleni, sembuse fedha za kigeni za kuagizia vipuri.

Hapo ndipo inapokuja kazi ambayo kila karakana ya reli duniani inaijua na hakuna anayeipenda, kuchinja kichwa. Kichwa cha kwanza kimekosa pampu. Cha pili kimekosa mota. Msimamizi anatazama mzigo unaosubiri, anasema toa pampu ya huyu weka kwa yule. Jioni treni imeondoka, kila mtu kafurahi. Wiki ijayo kinachinjwa tena, rejeta. Mwezi ujao, breki. Baada ya mwaka pale pembeni kuna gamba tu, majani yanaota kwenye ekseli, na kwenye daftari la mali bado kinahesabiwa kichwa kimoja!

Mnaona swali langu linavyorudi? Vingapi vimeamka?

Watu wengi wakiona gamba hilo husema kimezeeka. Hapana, jamani. Uzee hauui kichwa cha treni. Mfano uko kwa majirani zetu. Kampuni ya Rift Valley Railways, iliyokuwa ikiendesha reli ya Kenya na Uganda hadi mwaka 2017, kuanzia 2014 ilileta vichwa 20 kutoka Marekani. Vipya? Wapi! Ni aina ya B23-7 ya General Electric, vya miaka ya sabini na themanini, vilivyokwisha kula chumvi kwenye reli za Marekani. Vikavuliwa, vikaundwa upya, vikawekewa magurudumu ya upana wa mita moja, vikapakiwa melini hadi Mombasa. Na hapa kwetu, karakana ya Morogoro imewahi kuviunda upya vichwa vya daraja la 88, vya Montreal, Kanada, vilivyonunuliwa enzi za reli ya pamoja ya Afrika Mashariki. Chuma kikiwa kizima na vipuri vikipatikana, kichwa cha miaka thelathini ni kijana. Kichwa cha miaka mitatu kisicho na vipuri ni marehemu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mafundi hatulipendi, kwa sababu liko nje ya karakana. Mzigo wenyewe.

Mwaka 1978, miaka miwili tu baada ya kukabidhiwa, Zambia ilikuwa inangoja mbolea. Mvua za kupandia hazingoji mtu. Bandari ya Dar es Salaam ilikuwa imesongamana, mabehewa yanachelewa kurudi, vichwa havitoshi. Oktoba mwaka huo Rais Kaunda, yuleyule aliyefunga mpaka wa kusini na kuipigania reli hii, akatangaza kuifungua tena njia ya kupitia Rhodesia. Fikirini uchungu wa uamuzi ule. Smith bado yuko madarakani! Lakini mkulima wa Zambia angekula nini, siasa? Na mwaka uliofuata, Oktoba 1979, makomando wa Rhodesia wakalipua daraja la TAZARA kwenye mto Chambeshi, ili Zambia isiwe na njia nyingine.

Reli ilijikongoja ikapanda hadi tani milioni 1.2 mwaka 1986. Ilisanifiwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka kila upande, hivyo hata kilele chetu hakikufika hata theluthi ya uwezo. Kisha siasa ikatupiga chenga. Namibia ikapata uhuru 1990, ubaguzi wa rangi ukaanguka Afrika Kusini, tukashangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Lakini ile bandari ya kusini ambayo TAZARA ilijengwa ili kuikwepa, sasa ilikuwa bandari halali ya rafiki. Malori nayo yakajaa barabara ya Tunduma. Mwaka wa fedha wa 2014/15 TAZARA ilibeba tani 88,000. Elfu themanini na nane!

Na hapa kuna kitendawili ambacho kimewatesa mameneja wengi. Mzigo ukipungua, pesa hakuna. Pesa hakuna, vipuri hakuna. Vipuri hakuna, vichwa vinalala. Vichwa vinalala, treni inachelewa. Treni inachelewa, mwenye mzigo anakodi lori. Utaanza kukata wapi? Wengine walisema tununue vichwa vipya, na China ikaleta vingine mwanzoni mwa miaka ya 2010, safari hii dizeli ya umeme. Wengine wakasema waje waendeshaji binafsi na vichwa vyao watulipe ushuru wa njia, na miaka ya karibuni imefanyika hivyo pia. Kila moja ilisaidia kidogo. Kwangu mimi, sehemu ya kuanzia ni ghala la vipuri, kwa sababu ndiyo bei ndogo kuliko zote kwenye mzunguko huo. Mhasibu hataniunga mkono. Ghala halipigiwi picha na waziri.

Nimalizie na la sasa. Septemba 2025 serikali zetu mbili zilitiliana saini na kampuni ya Kichina CCECC: miaka 30, uwekezaji wa dola bilioni 1.4, na ndani yake vichwa vipya 32 na mabehewa 762. Vijana, kati yenu wapo watakaovishika vichwa hivyo. Vitakapoteremshwa bandarini kutakuwa na ngoma na hotuba. Chezeni ngoma. Halafu ngoma ikiisha, muulizeni mwenye mali maswali ya kifundi. Rejeta imepimwa kwa joto la Kilombero au la kiwandani? Kipande cha Mlimba kimejaribiwa na mzigo kamili, wakati wa kiangazi, vichwa viwili pamoja handakini? Vipuri vya miaka mitano vimo kwenye bei au vitaagizwa kikiharibika? Vyote 32 ni aina moja? Na mwongozo wa fundi upo kwa lugha anayoisoma fundi?

Na wazee wangu, kwenu nina ombi. Kila kichwa kilikuwa na kitabu chake: siku kilipoingia karakana, kilichobadilishwa, nani alitia saini. Vitabu vingi vimeliwa na mchwa. Lakini najua baadhi yenu mlikuwa na daftari zenu binafsi, mmeandika namba za vichwa, mizigo, mahali palipochemka. Ziko nyumbani, chini ya kitanda. Chuo kimekubali kuzipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuwarudishia siku hiyohiyo. Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, humuhumu ukumbini. Mwenye daftari la kipande cha Mlimba hadi Makambako aje mapema, maana kwake tutakaa muda mrefu.

Asanteni sana. Maswali?